Kelele Iliyonyamaza Nikienda Mbio

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizoketi nyuma ya usukani, na hata leo nikiisimulia viganja hunitoka jasho kama vya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Ilikuwa Jumapili asubuhi, miezi michache kabla ya Uhuru, katika barabara ya Kisauni. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma na uchungu wa kuzaa, mama yake ubavuni pake amemshika mkono, nami mbele nimeung'ang'ania usukani huku namshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuwa gari limenyamaza. Kumbe gari lilinyamaza na huku liko karibu kutuua.

Lakini nikikuanzia hapo nitakuwa nimekupa mchuzi kabla ya wali. Ngoja nirudi nyuma.

Mimi, kama unavyonijua, ni mtu wa nyumbani. Vijana wenzangu walikuwa na mpira wao, baraza zao na harusi za kuhudhuria mpaka Likoni. Mimi nilikuwa na mkeka wangu. Nilikuwa karani katika ghala moja kisiwani, na ikifika saa sita mchana, wenzangu wakitoka kununua mihogo ya kukaanga kando ya njia, mimi nilikuwa nikimuwaza mke wangu Rukia na chungu chake cha samaki wa nazi. Nilikuwa napanda basi mpaka Kisauni, nakula nimesimama, kisha napanda jingine kurudi, jasho la kwenda likakutana na jasho la kurudi. Mwisho nikaona nitakufa kwa kupenda chakula cha nyumbani, nikanunua gari. Usicheke. Wako walionunua gari wapate kuonekana, wako walionunua wapate kuzuru miji. Mimi nilinunua gari niwahi kurudi nyumbani.

Aliyeniuzia alikuwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Siku zile walikuwa wengi waliouza vitanda, makabati na hata mbwa wao kabla bendera haijabadilishwa. Gari lilikuwa dogo, milango minne, rangi ya maziwa, na lilikwenda taratibu bila neno kama bibi harusi. Pamoja na ufunguo alinikabidhi kitabu cha gari, chenye picha na maelezo ya kila chuma. Kitabu hicho ndicho kilichoniponza. Mimi nilisoma mpaka sekondari, Kiingereza nakijua, na mtaani kwetu hapakuwa na mwingine mwenye gari lenye kitabu. Ukimpa mtu wa nyumbani gari na kitabu, umempa sababu mbili za kutomsikiliza mtu.

Mtu wa kwanza nisiyemsikiliza alikuwa Fundi Katana. Huyu alikuwa mzee wa Kigiriama aliyekuwa na banda lake la makuti kando ya barabara ya Kisauni, na alikuwa akitengeneza magari tangu yale ya kuwashwa kwa kuzungushwa mtaimbo mbele. Nilipopita na gari langu mara ya kwanza alinisimamisha, akanipa hongera, akaniambia nilipeleke kwake alitazame kabla sijalizoea, na nisifungue kitu mpaka nimwite. Nikamwambia ahsante, fundi, lakini gari hili lina kitabu chake. Hakukasirika. Alisema kitabu ni kizuri, ila hakina masikio.

Wiki tatu nzima nilikuwa mfalme. Saa sita na nusu niko mezani, saa nane kasoro niko ghalani, tumbo limejaa na shati kavu. Ndipo Ijumaa moja, narudi nyumbani, nikaisikia.

Kwara. Kwara kwara. Kimya. Kwara.

Ilikuwa kama mtu anatikisa kokwa kavu ndani ya kibuyu, lakini hutaki kujua ni nani na kibuyu kiko wapi. Nikipunguza mwendo inakuja, nikisimama inaondoka. Nikishuka nikalizunguka gari, linanitazama tu kwa taa zake mbili kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

Sasa lazima ujue kwa nini kelele ndogo kama hiyo ilinikata maini. Rukia alikuwa mwezi wa mwisho. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwezi wa saba, na nyumba yetu ilikaa kimya kwa muda mrefu baada ya hapo. Hii ya pili mkunga wetu wa Kisauni aliipapasa tumboni, akatuita sote wawili, akatuambia waziwazi kwamba mtoto amekaa mshazari, yeye hataki kumzalisha nyumbani, na uchungu ukianza tu tukimbilie hospitali kisiwani. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha wa Mtopanga, akaniuliza mbele ya mkunga tutakwenda kwa chombo gani. Nikapiga kifua. Nikamwambia, Mama, gari liko mlangoni, usiwe na wasiwasi. Neno la mkwe kwa mkwe, mwanangu, si neno la kurudishwa mfukoni.

Basi nikaanza kuitafuta kelele.

Nilitoa kila kilichotoka. Nilitoa kiti cha nyuma, nikapata kitana, sarafu ya nchi nisiyoijua na manyoya ya mbwa. Nilitoa vyombo vyote katika buti. Nilifunga vitasa vya milango kwa matambara mpaka gari likaonekana limeumwa meno. Niliendesha kichwa nimekitoa dirishani nipate kusikia vizuri, na watu wa Kisauni, kwa ungwana wao, wakadhani nawasalimu; wakawa wananiitikia njia nzima, nami naitikia, na kelele inaitikia. Rukia alikuwa ameketi kizingitini na tumbo lake, anacheka mpaka anashika mbavu. Akasema wahenga walijua: debe tupu haliachi kuvuma. Nikamuuliza debe ni gari au ni mimi. Akasema hilo atamwachia fundi aamue.

Alicheka, lakini usiku nilimhisi hajalala, nami sikulala. Na mimi nikikosa usingizi, nikikosa na hamu ya chakula, jua mambo yameharibika.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu wakati huo. Kwa desturi ni Rukia aliyepaswa kwenda kujifungua kwa mamake, lakini mimi niliposikia nitaachwa nyumbani peke yangu na jiko, niliomba mama ndiye aje. Mtopanga nzima walinicheka. Bi Mwanaisha aliisikia ile kelele mara moja tu na akajua ugonjwa. Alisema gari limeingia mtaani bila kusomewa dua wala kutolewa sadaka hata ya kaimati, macho ya watu yako juu yake, lisipige kelele kwa nini? Akachukua chetezo, akaweka ubani na udi, akalifukiza gari ndani na nje. Mimi kumkatalia mkwe siwezi, hata kumwambia moshi unaniumiza macho siwezi. Nikasimama pale nakohoa kwa adabu. Gari likanukia kama chumba cha maharusi. Kelele ikabaki vilevile, ila ikawa kelele yenye harufu nzuri.

Siku ya nne nikameza mate, nikaenda kwa Fundi Katana.

Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, wala hakunikumbusha habari ya kitabu. Nikamwigizia ile kelele kwa mdomo. Aliniambia niwashe gari, akachukua kijiti, ncha moja akaiweka juu ya injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu anayempenda. Kisha akaniambia injini ni safi. Akafuta mikono, akanitazama, akaniuliza maswali mawili.

"Kelele hii ilianza lini?"

"Kitambo kidogo, fundi."

"Na tangu ulinunue, kuna mkono uliofungua kitu? Mkono wa mtu yeyote?"

"Hapana, fundi. Halijaguswa."

Hapo simama nami kidogo, mwanangu, maana ndipo penye kisa.

Gari lilikuwa limeguswa, na aliyeligusa ni mimi. Siku tano kabla ya kelele kuanza, Jumapili, niliona katika kitabu picha ya gari kama langu lenye magurudumu yaliyopakwa rangi ya fedha. Nikatamani. Nikanunua kopo la rangi, nikalinyanyua gari kwa jeki, nikalifungua gurudumu la mbele la kushoto, nikalipaka likang'aa. Kulifungua kulikuwa rahisi, kitabu kimeeleza. Nikalirudisha. Nati zake ni nne. Moja niliikaza kwa spana, tatu nikazishika kwa vidole tu nipate kuzikaza baada yake. Hapo Rukia akaniita, chakula kimeiva. Na chakula cha Rukia, Mungu anajua, hakiliwi kikaachwa hivihivi. Kina usingizi wake. Niliamka alasiri. Nikateremsha jeki, nikabandika kile kifuniko cha bati kinachong'aa katikati ya gurudumu kikazifunika nati zote na rangi yangu karibu yote, nikatawadha, nikaenda msikitini.

Je, zile nati tatu nilizikaza? Wallahi, siku zile nilikuwa naamini nimezikaza. Mtu akiona haya kwa jambo, hata kumbukumbu yake humsaidia kulificha. Nilikuwa nimemjibu mzee yule kwa kitabu. Sasa nimwambie nimefungua gurudumu zima kwa ajili ya rangi? Nikaona aibu. Nikasema halijaguswa. Kama umeshaijua kelele, nyamaza. Mimi nilihitaji siku tisa.

Fundi Katana alinisadiki, na kwa kunisadiki akaelekea kule ambako hapakuwa na kitu. Alilala chini ya gari mchana kutwa. Alipata mshiko wa bomba la moshi umelegea, akaufunga kwa waya. Akatoka amejaa vumbi, akaniambia chuma hiki kimelegea kweli, lakini sauti yake siyo ile. Ile ni ya kitu kinachotembea. Akaniomba nimwachie gari, kesho afungue magurudumu moja moja.

Hapo nikaogopa. Akifungua magurudumu ataona rangi yangu ya fedha imetapakaa juu ya nati, na atajua. Nikamwambia nashukuru sana, naona ni hilo bomba tu, tena mke wangu yuko karibu, siwezi kulala bila gari. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Haya. Lakini usilipeleke mbali. Na ukienda, nenda polepole."

Asiyesikia la mkuu, wajua yanayompata.

Kwa sababu kesho yake, mwanangu, niligundua ugunduzi. Nilichelewa kutoka ghalani, samaki ananingoja, nikakanyaga mafuta kuliko kawaida. Kelele ikakoma. Nikapunguza: kwara. Nikaongeza: kimya. Nikapunguza tena, nikaongeza tena, nikicheka peke yangu kama mwehu. Niliingia nyumbani na habari njema. Nikamwambia Rukia gari limepona, dawa yake ni mwendo. Yeye alikuwa anapepeta mchele. Aliacha kupepeta, akaniuliza, "Mgonjwa gani huyo anayepona akikimbizwa?" Nikamweleza habari ndefu ya mafuta kupata moto na vyuma kutanuka, nyingine nimeisoma kitabuni, nyingine nimeitunga pale pale. Akarudi kwenye mchele wake.

Tangu siku hiyo nikawa naendesha gari langu kama aliyeiba. Mimi, mtu wa mkeka, napita Kisauni vumbi linafuka nyuma, kuku wanaruka, wazee wananitazama kwa huzuni. Nilikuwa na raha ya mtu aliyefunika kidonda kwa kitambaa kizuri. Na ndani kabisa, mahali ambapo ubani wa mkwe haukufika, hofu ilikuwa palepale. Nilikuwa nimeipandishia mwendo tu.

Ikaja ile Jumapili. Saa tatu za asubuhi Rukia aliinuka kwenda uani, akashika mlango, akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mama mkwe akatandika kanga nyuma ya gari, tukampandisha, tukatoka.

Barabara wakati huo ilikuwa na mashimo yake, kila mtu akiyajua kwa jina. Mwanzo nilikwenda taratibu kwa ajili yake, na kelele ikaja, safari hii si kama kokwa moja, ni kama kibuyu kizima. Nikaongeza mwendo, ikapungua, ikanyamaza. Nyuma yangu Rukia akasema, "Omari, polepole, naumia." Nikapunguza. Ikaja. Siwezi kukueleza jinsi nilivyoiogopa sauti ile. Niliona kama ndiyo itakayomtoa mtoto wangu roho. Nikaongeza. Akasema tena, "Omari, polepole." Sikupunguza. Nilimsikia mke wangu analia, nikachagua kutoisikia kelele. Hilo ndilo linalonitoa jasho mpaka leo, si nati.

Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Nikadhani ni mikono.

Tulipokaribia banda la Fundi Katana, mbuzi wakavuka njia. Ikabidi nikanyage breki, na tukawa tunajikokota nyuma ya mbuzi wale na kibuyu kinapigwa kwa nguvu. Mzee alikuwa ametoka kanisani, amevaa suruali nyeupe na shati lililopigwa pasi vizuri, ameketi nje anakunywa chai. Nilimwona ameinua kichwa. Mimi kelele hiyo niliisikia siku zote nikiwa ndani ya gari; yeye ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia gari likipita mbele yake. Aliweka kikombe chini, akaja akasimama katikati ya barabara na mkono juu.

"Zima," akasema.

Nikamwambia fundi, mke wangu ana uchungu, tunawahi. Akasema tena nizime, bila kupandisha sauti, nikazima. Akapiga magoti vumbini na suruali yake nyeupe, akachomeka bisibisi, akakibandua kile kifuniko cha gurudumu la kushoto. Nati tatu zikamwagika chini, moja baada ya nyingine. Ya nne ilikuwa bado iko mahali pake. Akaigusa kwa ncha ya kidole, ikazunguka kama pia.

Rukia alikuwa ameuma kanga. Mama mkwe alikuwa amefunua buibui usoni, anatazama zile nati kwenye vumbi, kisha akanitazama mimi.

"Omari," akasema Fundi Katana, "nani alifungua gurudumu hili?"

Ningeweza kusema Mzungu. Wallahi, mwanangu, hata pale, na mke wangu katika hali ile, neno hilo lilinijia mpaka kwenye ulimi.

"Mimi," nikasema.

"Na nilipokuuliza?"

Hakungoja jibu. Alikwisha kukimbilia bandani kuleta spana. Alizikaza zote nne kwa uzito wa mwili wake wote, akazunguka na magurudumu mengine matatu akayajaribu, na mimi nimesimama kando nahesabu pumzi za Rukia, kila moja imekuwa fupi kuliko ya kabla yake. Kisha akafungua mlango wangu. "Hamia upande ule." Nikahamia, akaendesha yeye.

Alikwenda polepole. Gari halikutoa sauti hata kidogo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu Ijumaa ile nilipolisikia likiwa kimya kikweli, na nilitamani kulia. Tulipofika daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, magari yamepangana yanakwenda mwendo wa jongoo, nilitazama chini upande wangu, upande wa gurudumu la kushoto. Ukingo ulikuwa hapo, hatua moja, na baada ya ukingo maji. Mzee aliona ninapotazama. Akaendelea kuendesha.

Hospitalini walimpokea Rukia, wakaingia naye na mama yake, wakatufungia mlango. Tukaketi kwenye benchi, mimi na Fundi Katana, magoti yake meusi kwa vumbi na mafuta. Nilimwambia anaweza kwenda zake. Akasema atakaa.

Tulikaa sana. Muuguzi akapita, hana habari. Akapita tena, anatembea upesi, hatutazami. Nilianza kumwomba Mungu na sikujua pa kuanzia, kwa kuwa nilikuwa na dhambi mbichi. Ndipo yule mzee akanieleza, huku anatazama ukuta, jinsi mambo yalivyokuwa. Nati ya kwanza ilitoka ikaanguka ndani ya kile kifuniko, ikawa inabiringika humo. Gurudumu likienda polepole inaanguka na kugonga. Likienda mbio, mzunguko unaibana pembeni, inanata, inanyamaza. Kwa hiyo kila nilipoikimbia sauti, nilikuwa nazilegeza zilizobaki.

Halafu akaniuliza, "Mke wako alipokwenda kwa mkunga, alimficha nini?"

"Hakumficha kitu, fundi."

"Alimwonyesha?"

"Alimwonyesha."

"Ana haya huyo binti?"

Nikamwambia ana haya sana, hata mbele yangu.

"Naye mwenye haya zake alimfunulia mkunga yote ili mtoto apone. Wewe nilikuuliza habari ya chuma tu." Akapangusa vumbi gotini. "Wazee wenu nyinyi wa pwani ndio waliosema mficha uchi hazai. Nilidhani mwenye kusoma amelisikia."

Hakuniambia zaidi ya hapo. Angenitukana ningepata nafuu, maana ningepata na mimi la kukasirikia.

Adhuhuri imekwisha pita, mlango ukafunguka, akatoka Bi Mwanaisha. Alikuwa amechoka, kanga imemwanguka begani. Alinipita mimi, akaenda kwanza kumshika mkono Fundi Katana, akamwambia ni binti, yuko hai na mamake yuko hai, daktari alimgeuza mtoto tumboni. Kisha ndiyo akanigeukia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nangoja. Akasema, "Mwanangu, nilifukiza gari. Kumbe ningekufukiza wewe." Na akacheka, na mimi nikalia mbele ya mama mkwe, jambo ambalo halifanywi.

Binti yule leo ana wajukuu. Mama yake alinitania kwa kisa hiki miaka yetu yote. Kila niliposema sina neno, aliniuliza ni nati ngapi nimezibana pembeni. Fundi Katana nilimpelekea gari kila mwezi mpaka alipoacha kazi, na kila nilipofika nilianza kwa kumwambia nililolifanya, hata nikiwa nimepangusa kioo tu. Alikuwa ananisikiliza kwa subira na ananiambia kioo hakina kosa.

Basi, mwanangu, la kukuambia ni hili. Siku moja utakuwa na kelele yako. Labda ya gari, labda ya mwili, labda ya nyumba yako mliyoijenga wawili. Usianze na macho ya watu, wala na aliyekuuzia, wala na kitabu. Kikulacho ki nguoni mwako. Anza na mikono yako, ujiulize iligusa nini wiki iliyopita. Na ukienda kwa fundi, au kwa tabibu, au kwa mzee wa kusuluhisha, neno la kwanza litoke lile unaloona haya kulisema, kwa sababu mara nyingi ndilo hilo analolitafuta. Ukimficha, utamfanya mtu hodari atafute mchana kutwa mahali pasipo na kitu. Haya ya kusema hudumu kwa dakika moja. Ya kukamatwa mimi ninayo hadi leo na nywele zimekwisha.

Na jingine, ambalo hata fundi hakuniambia, nililiona mwenyewe baadaye. Kimya si uzima. Nimeona watu wakiongeza kazi, wakiongeza safari, wakiongeza maneno, kwa kuwa wakipunguza tu mwendo wanasikia kitu kinagonga. Wanadhani wamepona. Ukimwona mwenzio amekuwa hivyo, au ukijiona mwenyewe, punguza. Acha igonge, uisikilize. Na aliye nawe akikuambia polepole, naumia, yeye ndiye wa kusikilizwa kwanza, kabla ya kelele yoyote duniani.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi usioogopa kusema "ni mimi" mapema, akukutanishe na mtu atakayeweka chai yake chini asimame njiani kwa ajili yako, na kila utakayempakia katika maisha yako akupe umfikishe salama. Amin.